Data zetu zimeshikwa na muuzaji wa mfumo, na mkataba unakaribia kwisha

Ndugu Mshauri,

Salaam. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya familia inayouza vipuri vya mashine, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kuifanya, kazi ya kuangalia mambo ya kompyuta nayo imeniangukia. Tuko wafanyakazi wapatao arobaini. Tuna duka, tuna ghala, na tuna wateja wengi wa jumla wanaochukua mzigo kwa mkopo na kulipa mwisho wa mwezi. Mkurugenzi ni kaka yangu mkubwa.

Miaka sita iliyopita tulinunua mfumo mmoja unaofanya kila kitu: mauzo, stoo, hesabu, mishahara, hadi mashine ya mahudhurio mlangoni. Siwezi kusema ulikuwa mbaya. Ulitutoa kwenye madaftari, na miaka ya mwanzo ukipiga simu, fundi anafika. Shida ilianza tulipotaka kuuza mtandaoni. Kijana mmoja hodari alitutengenezea tovuti nzuri, lakini haioni stoo. Mteja anaagiza beringi kumi usiku, asubuhi tunakuta zimebaki tatu. Sasa kuna binti ambaye kazi yake ni kukaa na skrini mbili akinakili idadi kutoka kwenye mfumo kwenda kwenye tovuti, asubuhi na mchana. Nilipomwomba muuzaji wa mfumo atuunganishe, alijibu kwamba mfumo wao unaungana na duka lao la mtandaoni tu, na hilo ni leseni nyingine. Skana ikiharibika, tununue kwao. Printa ya risiti, kwao. Ada ya mwaka inapanda kila tukihuisha mkataba, na safari hii imepanda vibaya.

Nikasema basi, tuombe data zetu tujue tumesimama wapi. Baada ya kufuatilia sana walinitumia faili moja la PDF lenye kurasa zaidi ya mia tisa, ripoti za mauzo zilizopangwa kama za kuchapisha. Nilibaki kulitazama tu.

Mkataba unaisha baada ya miezi minne. Amekuja muuzaji mwingine, anasema wao ni "usanifu wazi", kila kitu kinaungana na kila kitu, hatutafungwa tena. Mimi nimevutiwa. Kaka amekataa katakata. Anasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Anasema leo tatizo likitokea anapiga simu moja, kesho atakuwa na mafundi watano na kila mmoja anamsukumia mwenzake. Tena anasema kitu kilicho wazi ni wazi hata kwa wezi. Yule kijana wa tovuti naye ana lake: tuachane na wote wawili, tuchukue programu huria ya bure, tuiweke kwenye seva yetu wenyewe ofisini.

Maswali yangu ni haya. Huu usanifu wazi ni kitu gani hasa kwa biashara ya ukubwa wetu, au ni maneno ya wauzaji tu? Nitajuaje kama huyu wa pili hanipi hadithi? Na kaka nimwambie nini, maana ni kaka, na mara nyingi huwa hakosei?

Mhasibu Aliyekwama

* * *

Dada Mhasibu,

Kaka yako ana hoja moja nzito, moja nyepesi, na methali. Wewe una haki ya kuvutiwa, ila kwa sasa umevutiwa na maneno, kwa hiyo tuanzie kwenye maneno.

Mfumo ukiwa na usanifu wazi, pale ambapo sehemu moja inakutana na nyingine, namna ya kukutana imeandikwa hadharani. Mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kutengeneza kitu kikaungana hapo bila kumpigia magoti mwenye mfumo. Basi. Yaliyomo ndani ya kila sehemu ni habari nyingine. Programu ya hesabu inaweza kuwa siri ya kampuni yake kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho na bado ikawa wazi kwako, mradi data zinaingia na kutoka kwa njia inayojulikana. Kinyume chake pia kipo. Mfumo uliojengwa juu ya Linux, ambao ni mfumo endeshi, na PostgreSQL, ambayo ni hifadhidata, vyote viwili programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, unaweza kukufunga kuliko huo ulio nao, ikiwa seva iko kwao, nenosiri la hifadhidata liko kwao, na wewe unachopewa ni skrini ya kutazamia. Muuzaji akikwambia "sisi tuko wazi, tunatumia PostgreSQL", amekueleza alivyopunguza gharama zake. Uhuru wako hajaugusa bado.

Mfano mkubwa wa jambo hili huenda uko mezani kwako. Agosti 1981 IBM walipotoa kompyuta yao binafsi walikuwa na haraka, wakaiunda kwa vipande vya kununua: prosesa ya Intel, mfumo endeshi kutoka Microsoft, na nafasi za kuchomeka kadi ambazo maelezo yake waliyachapisha kwenye kitabu cha ufundi. Kampuni nyingine zikaanza kutengeneza kadi za kuchomeka humo. Kilichokuwa na ulinzi wa hakimiliki ni ile programu ndogo ya kuamsha mashine, BIOS. Compaq wakaandika ya kwao upya bila kunakili ya IBM, na mwaka 1983 mashine zao zilikuwa zinauzwa. Wengine wakafuata, ushindani ukawa mkali, bei zikashuka. Mwaka 1987 IBM wakajaribu kuufunga mlango: kompyuta mpya za PS/2 zilikuja na aina nyingine ya nafasi za kadi, na mshindani aliyetaka kuitumia alipe leseni. Washindani tisa wakaungana, na mwaka 1988 wakatangaza kiwango chao wenyewe, EISA. Mwaka 2005 IBM walikamilisha kuiuza biashara yao ya kompyuta binafsi kwa Lenovo.

Tazama nani alivuna hapo. Mnunuzi alivuna sana, na aliyefungua mlango akapoteza usukani. Kwa hiyo muuzaji wako wa sasa anapokataa kuunganisha tovuti usimwone ana roho mbaya, anajua hesabu. Hata huyu wa pili, siku akishakuwa na wewe, atakuwa na kishawishi kilekile. Ndiyo maana sikushauri umwamini mtu. Nakushauri upime.

Mwambie akuonyeshe, asikueleze. Anza na API, yaani mlango ambao programu nyingine inapitia kuuliza "beringi namba fulani zimebaki ngapi?" na kupata jibu. Omba kiungo cha nyaraka zake, ukifungue kwenye simu yako ukiwa nyumbani, bila yeye kuwepo. Zikifunguka bila nenosiri wala kusaini karatasi ya kutunza siri, vizuri. Mpe kijana wa tovuti azisome, halafu mbane kwa swali moja: naweza kusoma idadi ya stoo na pia kuingiza oda mpya? Ipo mifumo inayoruhusu kusoma tu, oda mnaendelea kuziandika kwa mkono, na yule binti wa skrini mbili anabaki palepale. Kisha uliza API hiyo iko kwenye kifurushi kipi. Mchezo wa kawaida ni kuitangaza kwa herufi kubwa halafu kuiweka kwenye kifurushi cha juu kabisa, au kuiwekea kikomo cha maombi kwa siku ambacho duka lenye bidhaa elfu kadhaa linakimaliza kabla ya saa sita mchana. Uliza kikomo ni kingapi, upewe jibu kwa maandishi.

Baada ya hapo, kutoa data. Hapa kaa sana. Omba akaunti ya majaribio, ingiza bidhaa ishirini, wateja watano na mauzo kadhaa. Moja liwe la mkopo lililolipwa nusu, jingine mzigo urudishwe. Halafu wewe mwenyewe, bila kumpigia mtu simu, toa kila kitu kwa CSV, yaani faili la maandishi matupu lenye jedwali ambalo safu zake zimetenganishwa kwa koma. Angalia misimbo ya bidhaa: 00417 imetoka 00417, au imekuwa 417? Usikimbilie kulaumu, maana mara nyingi faili ni zima na Excel ndiyo imekula sifuri za mbele ilipoisoma kama namba. Lifungue kwanza kwa programu ya maandishi matupu uone ukweli. Angalia tarehe. 03/04 ni tarehe tatu Aprili au nne Machi? Mfumo makini utaandika 2025-04-03, mwaka kwanza, kama kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kinavyoelekeza, na ubishi unakufa hapo.

Sasa mtafute yule mteja aliyelipa nusu. Umepata salio lake tu, au umepata ankara, malipo, tarehe, na namba inayoonyesha kwamba malipo haya ni ya ankara ile? Mfumo unaweza kujiita wazi na ukaanguka kwenye swali hili. Unakupa jedwali la wateja, la ankara na la malipo, kila moja peke yake, bila uzi wa kuyafunga pamoja. Kwa duka la fedha taslimu si msiba mkubwa. Kwenu, wenye wateja wa mkopo, maana yake ni kwamba siku ya kuhama wadaiwa wote wanageuka kuwa majina yenye tarakimu mbele yake, na mmoja akibisha huna cha kumwonyesha. Wewe ni mhasibu, sina haja ya kukuchorea picha. Na lile faili lako la kurasa mia tisa lina ugonjwa huohuo kwa sura nyingine. PDF ni kiwango cha wazi kabisa, cha ISO tangu 2008, lakini imetengenezwa kwa ajili ya macho ya binadamu na karatasi. Uwazi wa aina ya faili hausaidii ikiwa umepewa aina isiyofaa kazi yako.

Kama huyu muuzaji wa pili atajikanyaga kwenye jaribio hilo la mteja wa nusu malipo, mwambie asante na umtafute wa tatu. Usimpe nafasi ya "tutaongeza kwenye toleo lijalo".

Vifaa havinisumbui sana. Skana nyingi za msimbopau hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi: unasoma msimbo, tarakimu zinajiandika pale kishale kilipo kana kwamba umezichapa. Printa nyingi za risiti zinaelewa amri za ESC/POS, ambazo asili yake ni Epson. Kwa hiyo ukiambiwa skana lazima inunuliwe kwao, azima ya kawaida uichomeke uone. Huenda hata mfumo wenu wa sasa unaikubali na hamjawahi kujaribu. Kamera, kama mnazo, zifuate ONVIF, kiwango cha wazi cha kamera za mtandao. Simu za mezani zifuate SIP, kiwango cha wazi cha simu zinazopita kwenye mtandao. Mashine ya mahudhurio iacheni ilipo, haimuumizi mtu.

Nije kwa kaka.

Hoja yake ya simu moja ni ya kweli, na wanaouza usanifu wazi huipita kimyakimya. Mkiwa na tovuti ya huyu, stoo ya yule na hesabu za mwingine, siku oda ikipotea katikati, wa tovuti atasema ameituma, wa stoo atasema hakuipokea, na wote wawili watakuwa wanasema wanachokiona. Kampuni kubwa ina idara nzima ya kukaa katikati hapo. Nyinyi mna wewe, na wewe una mizania ya kufunga.

Dawa yake ina pande mbili. Upande wa kwanza ni kutofungua kila kitu kwa sababu tu kinafunguka. Biashara ya watu arobaini haihitaji vipande kumi na mbili vilivyo bora kila kimoja kwa nafasi yake. Mauzo, stoo na hesabu vikae kwenye mfumo mmoja, maana hivyo vitatu vinazungumza siku nzima na kuvitenganisha ni kujitafutia kazi. Tovuti iwe kipande cha pili. Mishahara, ambayo inagusana na hesabu mara moja kwa mwezi, inaweza kuwa ya tatu, na kuunganishwa kwake kukawa faili la CSV linalopakiwa kwa mkono kila mwisho wa mwezi. Hakuna aibu katika hilo. Viungio viwili. Hivyo vinahesabika.

Upande wa pili ni kumlipa mtu mmoja awe mwenye viungio. Anaweza kuwa fundi wa kujitegemea, kwa saa chache kila mwezi, asiye mwajiriwa wa muuzaji yeyote kati yao. Mkataba wake useme hivi: oda ikipotea kati ya tovuti na stoo, ni yake hadi ipatikane, hata kama kosa ni la mwingine. Kaka atabaki na simu yake moja. Tofauti ni kwamba safari hii anayepokea simu analipwa na nyinyi, na mkimchoka mnambadilisha bila kubadili mfumo. Mtake jambo jingine: karatasi moja, upande mmoja, inayoonyesha kipande gani kinapeleka nini wapi, kila baada ya muda gani, na kumbukumbu za mawasiliano hayo zinahifadhiwa wapi. Karatasi hiyo ikae kwenye faili lako, si kichwani mwake.

Hoja nyepesi ni ile ya wezi. Kujua muundo wa mlango si sawa na kuwa na ufunguo. API iliyotengenezwa vizuri inaweza kuelezwa mbele ya dunia nzima na bado asiye na ufunguo asipite. Na kufungwa hakujawahi kuwa kinga. Desemba 2021 lilipotangazwa tundu la usalama la Log4Shell katika Log4j, maktaba ya programu, yaani kipande cha msimbo ambacho programu nyingine hukitumia ndani yake, ilibainika kwamba maktaba hiyo huria ilikuwa imepachikwa ndani ya bidhaa nyingi sana za kibiashara zilizofungwa, na wateja wengi hawakujua wanayo mpaka wauzaji wao walipowaambia. Mwambie kaka aogope kitu kingine: funguo za API zinazogawiwa ovyo. Tovuti iwe na ufunguo wake, wenye ruhusa ya kusoma stoo na kuingiza oda tu, usioona mishahara wala madeni. Programu ya mishahara, ikija kuunganishwa, iwe na wa kwake. Mtu akiondoka kazini au fundi akibadilishwa, ufunguo wake ufutwe siku hiyohiyo. Wizi wa namna hii mara nyingi hupitia ufunguo uliosahaulika, uliokuwa unafungua kila kitu.

Methali siijibu. Mwonyeshe ada za miaka sita kwenye jedwali moja, atajionea zimwi linavyokula.

Kijana wa tovuti naye hajakosea sana, ila anazungumza kama mtu ambaye hatakuwepo saa nane usiku diski ya seva ikifa. Programu huria za biashara zipo na zinafanya kazi; Odoo na ERPNext zinatumiwa na kampuni za ukubwa wenu na kubwa zaidi. Soma tu masharti vizuri, kwa mfano Odoo ina toleo la jumuiya lisilo na ada ya leseni na toleo la kulipia, na uhasibu kamili umo kwenye la kulipia. Faida kubwa ya programu huria kwenu haiko kwenye bei. Iko kwenye kile kinachotokea mwenye programu akibadili nia. Kampuni ya Oracle ilipokuwa inainunua kampuni ya Sun, na pamoja nayo hifadhidata ya MySQL, baadhi ya waliokuwa wameijenga walichukua msimbo wake uleule na mwaka 2009 wakaanzisha MariaDB. Waliokuwa na wasiwasi wakapata pa kwenda. Mfumo uliofungwa hauna njia hiyo: ukinunuliwa na mtu asiyeutaka, unakufa nao mikononi.

Lakini seva ya ofisini, hapana. Siyo kwa watu wasio na mtu wa kuifanyia bakapu, kuisasisha na kuijaribu. Mkichagua programu huria, mlipeni mtu anayeiendesha kwenye seva zake, mradi kila usiku nakala kamili ya hifadhidata inashuka kwenye akaunti ya hifadhi iliyo kwa jina la kampuni yenu. Mkikosana naye, mnapeleka nakala ileile kwa mwingine anayeendesha programu hiyohiyo. Huo ndio usanifu wazi ninaoweza kuusimamia mbele ya kaka yako.

Miezi minne ni mingi ukianza wiki hii. Soma mkataba wenu wa sasa ukitafuta mambo mawili: kama unajihuisha wenyewe msipotoa notisi kabla ya tarehe fulani, na unasema nini kuhusu data mkiondoka. Huenda hausemi chochote, wengi hawasemi. Basi omba data sasa, mkiwa bado wateja wanaolipa, maana mteja aliyekwisha aga hana haraka ya kuhudumiwa. Na safari hii usiombe "data zetu", ndivyo ulivyopata kurasa mia tisa. Andika: tunaomba jedwali la bidhaa, wateja, wauzaji wanaotuletea mizigo, ankara, mistari ya ankara, malipo na mienendo ya stoo, kila moja kwa CSV, pamoja na namba za utambulisho zinazoyaunganisha, au nakala nzima ya hifadhidata. Kama seva yao iko kwenye jengo lenu, mwombe yule fundi wa kujitegemea asome kwanza masharti ya leseni, kisha aangalie ni hifadhidata gani. Inaweza kuwa inaongea SQL ya kawaida, lugha ya kuulizia hifadhidata, na kazi yote ni ya mchana mmoja.

Wakati huohuo angalia jina la tovuti yenu limesajiliwa kwa nani. Sisemi kijana ni mwizi. Nasema kwamba biashara nyingi hugundua jina lao ni mali ya fundi siku fundi ameondoka na namba haipokelewi.

Mkihama, msihamishe miaka sita. Fanyeni hesabu ya stoo, hamisheni bidhaa, wateja, ankara ambazo hazijalipwa na salio za kuanzia. Historia iliyobaki itunzwe pembeni, katika CSV na nakala za PDF, mahali mkaguzi anaweza kuisoma kwa muda wote ambao sheria ya kodi inataka kumbukumbu zitunzwe. Watu huchoma miezi wakilazimisha mauzo ya zamani yaingie kwenye mfumo mpya, na hakuna anayeyafungua tena. Endesheni mifumo yote miwili sambamba hadi mfunge mwezi mmoja kamili na takwimu zilingane. Ni mwezi wa kazi mara mbili, na wafanyakazi watalalamika. Waache walalamike.

Kwenye mkataba mpya, msisitize mistari hii hata kama muuzaji atasema si kawaida yao. Data ni mali ya kampuni yenu. Mnaweza kuitoa yote wakati wowote bila ada, kwa aina ya faili iliyotajwa kwa jina. Mkataba ukiisha, mnabaki na ruhusa ya kusoma na kutoa data kwa siku tisini. API haiondolewi wala kuhamishiwa kifurushi kingine bila notisi ya maandishi. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya data iliyoanza kutumika Septemba 2025 inawabana watoa huduma za wingu wasimzuie mteja kuhama, na kuanzia Januari 2027 hawataruhusiwa kumtoza kwa kuhama. Usipokuwa na sheria kama hiyo nyuma yako, kinga yako ni hiyo mistari.

Jambo la mwisho, ambalo linaweza kumpendeza kaka. Si lazima mhame. Nenda kwa muuzaji wa sasa ukiwa na CSV zako mkononi na majibu ya mshindani wake, umwambie mko tayari kuhuisha kwa miezi sita, si miaka mitatu, akifungua njia ya kusoma stoo na kuingiza oda. Ukiwa na data nje, hayo ni mazungumzo kati ya watu wawili wenye chaguo. Akikubali, kaka anabaki na fundi anayemjua na binti wa skrini mbili anapata kazi nyingine. Akikataa, mmejua.

Ila notisi isiandikwe kabla faili hizo hazijafunguka kwenye kompyuta isiyo na mfumo wao, na wewe binafsi hujaona ankara za wadaiwa watano wakubwa, mstari kwa mstari. Mpaka hapo, lipeni ada kwa wakati na mjibu simu zao kwa ukarimu.

Mshauri